Namna ya Kusoma Imani, Shaka na Maumbile katika "In Memoriam" ya Tennyson

Msomaji anayelifungua kwa mara ya kwanza shairi la Mwingereza Alfred Tennyson liitwalo "In Memoriam", lililochapishwa mwaka 1850 kumwombolezea rafiki yake Arthur Hallam, asianze na dibaji yake. Beti hizo zinazomwelekea Mwana wa Mungu zimetangulizwa, lakini mshairi mwenyewe amezitia tarehe ya mwaka 1849, yaani takriban miaka 16 baada ya msiba uliolizaa shairi, na mwenye kuzisoma kwanza hudhani kwamba imani ilikuwa imara tangu siku ya kwanza. Anza na sehemu ya 1, uzipitie zote 131, ndipo uirudie dibaji. Hapo utaisikia kuwa ni sala ya mtu aliyekwisha kuhangaika, ambaye sasa anaomba asamehewe vilio vyake.

Miaka nayo iwekwe mahali pake. Hallam, rafiki wa Tennyson tangu walipokuwa Cambridge na mchumba wa dada yake Emily, alifariki ghafla mjini Vienna mwaka 1833 akiwa na umri wa miaka 22. Ni kosa la kawaida kuieleza shaka ya shairi hili kwa kumtaja Charles Darwin, mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, ilhali kitabu chake kuhusu asili ya spishi kilitoka mwaka 1859. Tennyson alikuwa amemsoma Charles Lyell, mwanajiolojia aliyeonyesha kwamba milima na mabonde hujengeka na kubomoka polepole kwa muda mrefu mno, na kwamba viumbe wengi wametoweka wakabaki visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, mwambani.

Sehemu za 54, 55 na 56 zisomwe kwa mkao mmoja, kwa sababu ndimo shairi linamokaribia kuvunjika. Katika ya 54 mshairi anatumaini kwamba ubaya wote utaishia kwenye wema, kisha anajiona kama mtoto mchanga anayelia usiku, asiye na lugha ila kilio. Katika ya 55 anajifariji kwamba Maumbile, ijapokuwa hayamjali kiumbe mmojammoja, angalau huitunza jamii yake, yaani aina nzima ya kiumbe huyo. Katika ya 56 Maumbile yenyewe yanamjibu kutoka kwenye majabali na mawe yaliyochimbwa: jamii elfu zimekwisha kupotea, wala hayajali chochote. Kwa hiyo, katika kila ubeti uliza ni nani anayesema, na uweke alama panapoulizwa swali lisilojibiwa. Swali zito kuliko yote ni hili: je, mwanadamu aliyependa, aliyeteseka na kujenga mahekalu, naye atapeperushwa kama vumbi la jangwani au kufungiwa ndani ya vilima vya chuma?

Sehemu ya 96 inataka uangalifu wa pekee. Kauli yake kwamba shaka ya kweli ina imani ndani yake hunukuliwa peke yake mara nyingi mno, na ikitengwa hivyo hupungukiwa nguvu. Humo mshairi anamjibu mwanamke mpole anayeamini kwamba shaka huzaliwa na Shetani, naye anamjibu kwa heshima, akimtaja mtu aliyepambana na mizuka ya akili yake mwenyewe hadi akaishinda.

Baada ya hapo nenda sehemu ya 124. Mwanatheolojia William Paley alikuwa amefundisha mwaka 1802 kwamba muundo wa viumbe, jicho likiwamo, unamthibitisha Muumba. Tennyson anasema hakumwona Mungu katika bawa la tai wala jicho la mdudu. Moyo wake ndio uliosimama ukajibu kwamba umehisi. Nadhani hapa ndipo kitovu cha shairi lote, kwa kuwa maumbile yanaondolewa kizimbani na ushahidi unatoka kwingine.

Anayezifahamu tenzi ana faida. Mishororo ya "In Memoriam" ina mizani 8, na kila ubeti una mishororo minne, sawa na utenzi. Vina ndivyo vinavyotofautiana: mshororo wa kwanza unakubaliana na wa nne, wa pili na wa tatu. Soma kwa sauti, na utasikia kila ubeti ukisogea mbele kisha ukirudi ulikoanzia, kama huzuni inavyofanya.

Ukitaka kulinganisha, chukua shairi "Dover Beach" la Matthew Arnold, lililotoka 1867, ambamo imani inapwa kama bahari, kisha soneti ya Gerard Manley Hopkins ya mwaka 1877 kuhusu utukufu wa Mungu. Padri huyo Mjesuiti aliyaona maumbile yale yale yakichafuliwa na biashara na jasho la watu, lakini akaamini kwamba ndani yake umo upya usiokwisha.