Chora kwanza mahali mji usipoweza kwenda

Kila kikao cha mpango kabambe huanza na swali moja: mji utanuke upande gani? Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka 27 nikiwa afisa mipango miji katika wilaya za pwani, na sijaona anayelijibu vizuri akianza nalo. Kwa mji mdogo wa kando ya mto, anzia kwingine. Uliza mji hauwezi kwenda wapi, na nini kinauzuia. Ukishapapaka rangi mahali hapo pote, patakapobaki ndipo pa kujadili, na mara nyingi ni padogo kuliko alivyodhani diwani yeyote.

Nitaeleza kwa mfano wa Pangani, kwa kuwa ndiko nilikolelewa na ndiko nilikorudi baada ya kustaafu. Mji wetu umekaa konani: kusini mto, mashariki Bahari ya Hindi, kaskazini na magharibi mashamba ya mkonge na minazi. Ng'ambo ni Bweni, nyumba chache chini na muinuko mkali nyuma yake. Ukiielewa kona hii utaweza kuusoma na mji wako, uwe Korogwe, Utete au Kilosa.

Tafuta picha ya setilaiti ya mji iliyochapishwa kubwa, karatasi angavu ya kulaza juu yake, penseli za rangi, tepu ya mita 50, simu yenye GPS, na jembe. Kompyuta ije mwisho. Mzee aliyezaliwa hapo hatagusa kompyuta yako, ila karatasi ataiwekea kidole na kusema, "Hapa mwanangu, maji yalikuja mpaka hapa." Kidole hicho ndicho unachokitafuta.

Anza na maji. Nenda ukingoni wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo, kisha rudi wakati wa bamvua, inapojaa kupita kiasi, katikati ya masika. Usiende mara moja ukaridhika. Mlangoni mwa mto, bahari nayo ina sauti: bamvua ikijaa, mto hauna pa kumwagia. Mvua kubwa ya bara ikifika saa hiyohiyo, maji hurudi nyuma na kutafuta mahali pa chini, na mahali pa chini ni mitaa yetu.

Kisha waulize watu, lakini chunga unavyouliza. Ukisema "Kuliwahi kufurika hapa?", kila mtu atasema ndiyo, na jibu hilo halichoreki. Sema hivi: "Shikamoo mzee. Mvua za El Niño, ule mwaka 1997 kuingia 1998, mlilala wapi? Maji yaligusa nini hapa nyumbani?" Atakuonyesha kizingiti, au kisiki cha mnazi. Piga alama ya chaki, pima urefu kutoka ardhini, chukua nukta ya GPS. Tafuta mashahidi watatu kwa kila mtaa, wasiokaa nyumba moja. Mwenye kiwanja cha kuuza atayashusha maji, na anayetarajia fidia atayapandisha. Wavuvi na akina mama wanaochota maji mtoni ndio niliowaona wakisema kile kile leo na mwezi ujao. Unganisha alama zako kwa penseli ya bluu. Huo ndio mstari wa kwanza.

Mstari wa pili ni wa sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Watu hupima kutoka kwenye maji walivyoyakuta siku hiyo, na siku hiyo huwa ni kiangazi. Mimi hupima kutoka pale bamvua linapofika. Kweli, Pangani kongwe yenyewe, na nyumba zake za mawe karibu na kivuko, imekaa ndani ya hizo 60. Ilijengwa kabla ya sheria hii. Usiitumie kama kisingizio cha kuongeza nyumba mpya mbele yake.

Nyumba hizo kongwe ni kizuizi cha namna yake. Huu ndio mji ambamo Abushiri alinyongwa mwaka 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani, na kuta zilizokuwapo siku zile bado zinasimama. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya aina hii, kwa hiyo usichore barabara ya mita 15 katikati ya vichochoro hivyo ukidhani utazibomoa. Peleka barabara nje, acha vichochoro viwe vya miguu.

Sasa jembe. Kila eneo ulilodhani linafaa, chimba shimo la mita 2 mwezi wa Mei, funika vizuri mtoto asitumbukie, urudi asubuhi. Maji yakisimama mita moja kutoka juu, choo cha shimo hapo kitakuwa kinamimina uchafu kisimani. Jambo hili halionekani kwenye picha yoyote ya setilaiti, na mimi nililijua kwa gharama ya watu wengine. Miaka yangu ya mwanzo, katika mji mmoja wa bondeni, nilichora viwanja 140 kwenye uwanda niliouona Januari, nyasi fupi, ardhi imekauka safi. Udongo ulikuwa mfinyanzi mweusi wenye nyufa. Nyufa zile zilikuwa zinaniambia, na sikuzisoma. Aprili nilikuta mama amesimama juu ya kitanda na watoto wawili, vyoo vya jirani vimefumuka. Alikuwa ameuza mbuzi zake zote kununua kiwanja nilichokichora. Tangu hapo sijasaini mchoro bila kuchimba.

Hapohapo fanya hesabu hii ndogo. Umbali unaoshauriwa kati ya kisima na choo cha shimo ni angalau mita 30. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini, ambacho kila mtu anakitaka, kona hadi kona ni mita 28 tu. Maana yake, kwenye ishirini kwa ishirini huwezi kuweka kisima na choo cha shimo vyote viwili kwa usalama, na bado yupo jirani na choo chake. Bila maji ya bomba, usipitishe viwanja hivyo kwenye ardhi yenye maji karibu. Hapa ndipo mamlaka ya maji inapaswa kuwa mezani kabla ya mpimaji, siyo baada yake.

Na maji ya bomba yatoke wapi? Pangani ina kizuizi kinachoanzia mbali. Mto wetu unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, unanyweshea mashamba, unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, ndipo unatufikia. Ukifika umepungua, chumvi ya bahari hupanda mtoni na kuingia hata visimani. Kwa hiyo kabla ya kuahidi mtaa mpya, nenda Bodi ya Maji ya Bonde uulize kibali kinaruhusu kuchota maji kiasi gani, na kiangazi. Mji hauwezi kukua kuliko maji yake matamu.

Mikoko paka kijani na uiache. Ni hifadhi ya msitu, iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu akikuambia kipande chake ni "pori tu" mwonyeshe michu na mililana, miti ya mikoko hiyo, inavyoshikilia ukingo mahali ambapo ukingo wa wazi umemong'onyoka. Kwingineko Pangani imebidi ukuta ujengwe kuzuia bahari. Mikoko hufanya kazi hiyo bure.

Mpaka hapa ni maji na ardhi. Kinachokwamisha miji mingi zaidi ya hayo ni umiliki, na hapo tulia.

Shamba la mkonge linaonekana tupu ukipita na pikipiki. Si tupu, lina hati. Nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi: hati ni ya miaka mingapi, 33, 66 au 99? Iliisha au inaisha lini? Ina rehani benki? Mkataba unaoisha baada ya miaka 6 ni mlango. Unaoisha baada ya miaka 50 ni ukuta, na mchoro wako uuheshimu. Mwenye shamba anaweza kukubali kurejesha sehemu iliyo karibu na mji, hasa ukimfuata na ombi la hekta mahususi badala ya kelele za mkutano wa hadhara. Kufuta hati ni mamlaka ya Rais, na huchukua miaka. Nimeona mji mzima ukisubiri uvumi kwamba "shamba linafutwa", watu wakijenga ndani kwa matumaini. Usipange juu ya uvumi.

Ardhi ya kijiji nayo ina mlango wake. Kuihamisha iwe ya mji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uamue kama eneo halizidi hekta 250. Likizidi, uamuzi ni wa waziri baada ya kusikia maoni ya mkutano huo. Fidia ikubaliwe kwanza. Na huku kwetu pwani uliza maswali mawili: ardhi ya nani, na miti ya nani? Mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo ulio chini yake wa mwingine, na ukimlipa mmoja umeanzisha kesi. Uliza pia wakfu, kwa msikiti, maana ardhi ya wakfu haiuzwi. Uliza makaburi, hata yasiyo na alama. Nyumba ya urithi yenye warithi 15, wengine Dar es Salaam, wengine Mombasa na Muscat, ihesabu kwamba haitabadilika katika miaka 10 ijayo. Haya yote paka nyekundu.

Ndipo upime palipobaki. Chukua mji wa kaya 2,000. Ukikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, kasi ya taifa kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, baada ya miaka 20 utahitaji nafasi ya kaya kama 1,750 zaidi. Hekta moja, ukitoa theluthi ya barabara, shule na viwanja vya wazi, inatoa ishirini kwa ishirini 16 hivi. Unahitaji hekta 110. Pima eneo lako jeupe, lile ambalo hukulipaka rangi. Kama ni hekta 40, umepata mjadala wa kweli: nyumba za ghorofa moja kwenye mitaa iliyopo, au mazungumzo na shamba, au ng'ambo.

Kwetu ng'ambo ndiko macho ya wengi yaliko. Barabara ya Bagamoyo hadi Tanga, kilomita 256, inapita hapa, na daraja la mita 525 juu ya mto linaifanya Bweni kuwa karibu. Chora mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara hiyo kabla hujachora kitu kingine, wajukuu wasije wakaamka na alama ya X ya kubomolewa ukutani. Kisha panda muinuko wa Bweni kwa miguu. Juu hakufuriki, ila ukiruhusu miti ya mteremko ikatwe, udongo utashuka kwenye nyumba za chini.

Mchoro ukikamilika, ubandike mahali watu wanapopita: kivukoni, sokoni, nje ya msikiti na kanisa, wiki mbili, na mtu wa kuandika wanayosema. Na katika kila kijiji kinachopakana na eneo lako jeupe, mwombe mwenyekiti afungue daftari la mauziano leo, lenye jina la muuzaji, mnunuzi, mashahidi na nukta 4 za GPS. Wanunuzi kutoka mjini hufika kabla ya mpimaji. Bweni walishafika.