Kurekodi Kwanjula kwa Simu: Kipe Kichakataji Kazi Kinayoiweza

Kwanjula ya Waganda (Baganda wa Uganda), sherehe ambapo msichana humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, ni shughuli ya saa nyingi. Wasemaji wa pande mbili wanajibizana, makundi yanaingia kwa ngoma, Ssenga (shangazi wa bibi harusi) anapita kati ya mahema. Simu ya bei ya kati sasa inaweza kuirekodi yote, kwa sababu kubana video hakufanywi tena na CPU (kichakataji kikuu). Ndani ya chipu kuna saketi ya kusimba (kubana) video na nyingine ya kuchakata picha ya kamera. Saketi hizo zina kikomo, nacho ukijue mapema.

Tafuta jina la chipu kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, au kwenye boksi la simu. Chipu ya Snapdragon 680, kwa mfano, hurekodi hadi 1080p (picha ya 1920 × 1080). Helio G99 hufika 2560 × 1440 kwa fremu (picha) 30 kwa sekunde. Megapikseli 50 za kamera hazibadilishi hilo, kwani hizo ni za picha tuli. Hata chipu yako ikiweza 4K (3840 × 2160), kwa kwanjula baki 1080p. Kwa megabiti 17 kwa sekunde, 1080p hula takriban MB 128 kwa dakika, yaani GB 31 kwa saa nne. 4K ya megabiti 48 itataka GB 86 kwa muda huohuo, na joto lake ni kubwa zaidi.

Kati ya njia mbili za kubana video, H.265 hupunguza ukubwa wa faili karibu nusu ikilinganishwa na H.264, lakini fikiria kompyuta utakayotumia kuhariri. Laptopu za Intel zilipata saketi ya kusimbua (kufungua) H.265 kuanzia kizazi cha 6, mwaka 2015. Ya zamani zaidi itakwama kila ukisogeza video, basi rekodi kwa H.264.

Umeme wa Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100. Simu ikirekodi kwa shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) isiyoendana na mwendo huo, michirizi myeusi hupanda na kushuka kwenye picha. Ndani au usiku, weka fremu 25 na shata ya 1/50. Programu ya bure ya Open Camera hukuruhusu kuchagua idadi ya fremu na kiwango cha biti. Mchana juani acha shata ijipange yenyewe, maana tundu la lenzi ya simu nyingi halipungui na 1/50 itaunguza picha. Jenereta isiyotulia hurudisha michirizi hata kwa 1/50; hapo sogea kwenye mwanga wa jua.

Joto ndilo adui mkubwa. Chipu ikipata moto hupunguza kasi, fremu zinadondoka, mwishowe kamera inajifunga. Vua kava, simamisha stendi kivulini, washa hali ya ndegeni, punguza mwanga wa skrini. Usichaji kwa chaja ya kasi huku unarekodi. Powabenki ya wati 5 hadi 10 inatosha kuipunguzia betri mzigo. Na kata rekodi kila dakika 10 au 15, wasemaji wanapopumua. Faili ya MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, kwa hiyo simu ikizima katikati, kipande kizima hugoma kufunguka. Ni bora kupoteza dakika 10 kuliko mahari yote.

Kwa sauti, kichakataji hakiokoi kila kitu. Ukisimama mbele ya spika, maikrofoni yenyewe huelemewa na sauti hupasuka kabla haijafika kwenye chipu. Weka simu ya pili karibu na msemaji, irekodi sauti tu kwa sampuli 48,000 kwa sekunde (48 kHz). Kipunguza kelele kiwashe kwa mazungumzo, kizime ngoma na endongo (zeze la Kiganda la kudonoa nyuzi) zinapoanza: huziona noti ndefu kama kelele na kuzikata. Ukitaka sauti ya miksa, usichomeke waya moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni. Tundu hilo hungoja mawimbi madogo ya maiki. Tumia kipunguzi cha desibeli 40 chenye plagi ya sehemu nne za chuma (TRRS).

Piga kofi moja mbele ya simu zote mwanzoni mwa kila kipande, na jingine mwishoni. Saa za ndani za simu mbili hazilingani kamwe: tofauti ya sehemu 20 kwa milioni huzaa sekunde 0.07 kwa saa, karibu fremu mbili. Kofi la mwisho litakuonyesha ni kiasi gani cha kuivuta sauti.

Kabla ya kuhariri, pitisha kila faili kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, na uchague fremu 25 za kasi isiyobadilika. Simu hupunguza fremu mwanga ukififia, na programu nyingi za kuhariri hudhani zote zina nafasi sawa, ndipo midomo inapoachana na maneno.