"Snitch" na wenzake: kutafsiri uchongezi na udokozi wa Kiingereza

Kazi yangu ni kuandika tafsiri zinazopita chini ya picha za filamu, na neno lililonitesa kuliko yote ni "snitch". Lina maana mbili: kumchongea mtu, na kudokoa kitu kidogo. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote, sikiliza kinachofuata kitenzi. "He snitched on me": kanichongea, au wasemavyo vijana, kanichoma. "He snitched my pen": kanichukulia kalamu. Maana yote imekaa kwenye hako ka-"on", nako mtu akisema haraka hakasikiki. Mimi hurudisha nyuma hata mara tatu mpaka nikanase.

Maneno mengi ya uchongezi yana mkia kama huo: "tell on", "rat on", "grass up" la Waingereza, "dob in" la Waaustralia. Uzito wake ndio haulingani. "Tell on" ni la watoto, yaani nitakusemea kwa mama. "Rat" ni tusi zito, hasa kwa wahalifu na wafungwa; hapo naandika "msaliti". Siandiki "mbea", kwani mbea humwambia yeyote anayekutana naye, ila huyu anapeleka habari kwa mwenye mamlaka. Na tafadhali, "whistleblower" asitiwe kapu hilo. Huyo ni mfichua maovu, na kumwita mchongezi ni kumdhulumu.

Kwenye wizi, "swipe" halina shida. Angalia "nick" na "pinch", ambayo pia humaanisha kukamata. Niliwahi kuandika "ameibiwa" kwa "he got nicked", na kwenye picha yule mtu alikuwa amefungwa pingu! Iliniuma, maana watazamaji walishaisoma. Sasa nauliza kwanza: aliyetendwa ni nani? Kama ni mtu, kakamatwa. Kama ni baiskeli, imeibwa. Ukisikia "in the nick", ni huko ndani, kituoni au gerezani.

"Pilfer" si la mtaani, ila ndilo lililo karibu kabisa na udokozi wetu: kidogo kidogo, leo na kesho.

Mtu wa London akisema "half-inch", usihangaike na nusu inchi. Ni mchezo wa vina wa Cockney, yaani Kiingereza cha mitaani cha London; limechaguliwa kwa kuwa linaoana na "pinch". Andika "kaiba", uende mstari unaofuata.