Maziwa ya kopo kwa mtoto wa chini ya miezi 6: jinsi ya kuyaandaa yawe salama

Mimi ni muuguzi mkunga. Kila siku nawahimiza akina mama wanyonyeshe, na nawahimiza kwa moyo wote. Lakini kuna jambo linaniuma katika kliniki zetu: mama akishasema anatumia kopo, anapewa hotuba ya umuhimu wa kunyonyesha, basi imeisha. Hakuna anayemwonyesha namna ya kuyaandaa. Anarudi nyumbani kujifunza kwa jirani, au kwa vipicha vilivyochorwa pembeni mwa kopo.

Wengine wanadhani sisi wauguzi tumekatazwa kufundisha. Hatukukatazwa. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala inazizuia kampuni kuyatangaza kwa umma na kuwagawia akina mama sampuli za bure. Uandaaji inasema ufundishwe na wahudumu wa afya, kwa mama au ndugu wanaoyahitaji. Ndiyo kazi ninayoifanya hapa.

Kabla hujanunua

Wapo wasio na njia nyingine: bibi anayelea mjukuu aliyefiwa na mama yake, au mama anayetibiwa saratani kwa dawa kali. Hao waende moja kwa moja kwenye hatua za chini. Wengine naomba tuongee kidogo kwanza.

Sababu ninayoisikia kuliko zote ni "maziwa hayatoki". Siku mbili tatu za mwanzo hutoka dang'a, matone machache mazito ya rangi ya njano, na mtoto mchanga kabisa hahitaji mengi zaidi ya hayo. Mama mkwe akiona matone tu, anamtuma mtu dukani. Kuanzia hapo shida inajizalisha yenyewe: mtoto akishiba chupa hanyonyi, na ziwa lisiponyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Mara nyingi tatizo liko kwenye mtoto anavyoshika. Mdomo unatakiwa uwe wazi kabisa na uchukue sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu. Akishika ncha tu, mama anaumia na mtoto hapati kitu. Mwone muuguzi akutazame ukinyonyesha, siku hiyohiyo, kabla ya kununua chochote. Hata aliyeacha kwa wiki kadhaa anaweza kurudisha maziwa akisaidiwa.

Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha kama kawaida: maziwa yake pekee kwa miezi 6, kisha anaendelea huku mtoto akila vyakula vingine, na mtoto anapewa dawa ya kinga. Usiache wala kuchanganya na kopo kabla ya kuzungumza na kliniki yako.

Kuhusu kazi, Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini una haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawaziombi hizo saa 2 kwa sababu hawajui kama zipo. Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Na maziwa ya kukamua na kuhifadhi kwenye friji yamewaokoa wengi na gharama ya kopo.

Gharama yenyewe ipigie hesabu mapema. Kopo la gramu 400 linatoa takriban lita 3 za maziwa yaliyokorogwa. Mtoto wa kilo 5 anahitaji kama mililita 750 kwa siku. Kopo hilo litakwisha siku ya nne, yaani makopo 7 au 8 kwa mwezi, mbali na gesi au mkaa wa kuchemshia. Nasema hivi kwa sababu nimeona linalotokea pesa ikipungua: unga unapunguzwa, maji yanaongezwa, na mtoto anakonda huku kila siku "amepewa maziwa". Kama hesabu haikai sawa, njoo tuongee sasa. Kama umeamua, huna deni la maelezo kwa mtu yeyote. Tuendelee.

Kuchagua kopo

Tafuta lililoandikwa namba 1, la kuanzia kuzaliwa. Namba 2 ni la kuanzia miezi 6. Maziwa ya unga ya kuweka kwenye chai hukaa rafu hiyohiyo na makopo yake yanafanana, lakini si ya mtoto mchanga, na maziwa ya ng'ombe pia siyo, hata yakichemshwa: madini ya chuma ni machache mno, na protini na chumvi zake ni mzigo kwa figo changa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kopo lililobonyea kwenye mshono au lililovimba liache. Ukishalifungua, andika tarehe juu ya mfuniko kwa kalamu. Mengi hutakiwa kumalizika ndani ya mwezi mmoja. Likae kabatini, mahali pakavu, si kwenye friji.

Hatua ya 1: mikono na meza

Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Futa meza. Kama umetoka kumbadilisha mtoto nepi, nawa upya.

Hatua ya 2: vyombo

Ningeweza kuchagua mimi, ningekupa kikombe kidogo cha wazi badala ya chupa. Kikombe hakina kona, unakiona chote ukikisugua. Chupa ina shingo, mikunjo na chuchu yenye tundu, na mafuta ya maziwa hujificha humo. Geuza chuchu ndani nje uitazame kwenye mwanga: ukiona utando unaoteleza, haijaoshwa.

Osha kwa maji ya moto yenye sabuni na brashi ya chupa, suuza, kisha tumbukiza kila kitu kwenye sufuria, maji yafunike vyombo vyote na kusiwe na povu la hewa ndani ya chupa. Funika, yakianza kuchemka hesabu dakika 10. Kuanika juani hakutoshi. Acha vyombo ndani ya sufuria iliyofunikwa mpaka utakapovihitaji.

Hatua ya 3: maji ya moto, na kwa nini lazima yawe ya moto

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Unga wa kopo una vijidudu. Si kila kopo, na si vingi, lakini hata kopo jipya lililofungwa vizuri linaweza kuwa navyo, kwa sababu unga hauwezi kutakaswa kiwandani kama yanavyotakaswa maziwa ya maji. Viwili vinavyoogopwa ni Salmonella na Cronobacter. Cronobacter anaishi muda mrefu mahali pakavu, na akimpata mtoto wa wiki chache, hasa njiti, anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo inayoua au kuacha ulemavu. Si tatizo la nchi maskini tu: mwaka 2022 Marekani iliingia kwenye uhaba mkubwa wa maziwa ya watoto baada ya kiwanda kikubwa cha Michigan kusimamishwa, bakteria huyo akiwa amekutwa ndani ya jengo.

Kwa hiyo maji hayachemshwi ili kusafisha maji peke yake. Yanatakiwa yaue kilichomo kwenye unga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2007 unataka maji yasiwe chini ya nyuzi 70 za Selsiasi wakati unga unapoingia. Ukikoroga kwa maji yaliyochemshwa asubuhi yakapoa, maji ni safi, lakini vijidudu vya unga viko hai na sasa vimepata maziwa ya uvuguvugu ya kuzaliana.

Bila kipimajoto fanya hivi: chemsha lita moja au zaidi mpaka yatokote kwelikweli, funika, na yatumie kabla ya nusu saa kupita. Maji kidogo kwenye sufuria ndogo hupoa haraka zaidi, hayo yatumie mara tu mtokoto unapotulia. Maji ya chupa ya dukani nayo yachemshwe.

Utakuta makopo mengine yameandikwa utumie maji ya uvuguvugu, na utaniuliza umsikilize nani. Mimi nafuata nyuzi 70, na kwa mtoto wa chini ya miezi 2, njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo sina mjadala. Moto huo hupunguza vitamini kidogo, na huua bakteria wazuri ambao baadhi ya kampuni huongeza. Hasara hiyo ni ndogo kuliko hatari niliyoieleza.

Hatua ya 4: maji kwanza, unga baadaye

Mimina maji ya moto kwenye chupa yenye mistari ya kipimo, hata kama utalisha kwa kikombe. Weka chupa mezani, inama macho yawe sawa na mstari. Ukianza na unga kisha ukajaza maji mpaka mstarini, umeshapunguza maji bila kujua.

Soma kopo lako. Mengi yanayouzwa huku ni kijiko 1 kwa mililita 30 za maji. Lakini makopo yanayotoka Marekani mara nyingi ni kijiko 1 kwa mililita 60, na kaka aliyeko ughaibuni akikutumia hayo ukapima kwa mazoea ya zamani, mtoto anapata maziwa mazito maradufu. Kijiko cha kopo moja hakitumiki kwenye kopo jingine.

Chota, kisha pitisha mgongo wa kisu safi juu ya kijiko ili ule mlima uanguke. Usishindilie ukutani mwa kopo: unga ulioshindiliwa unaingia zaidi, na kwa vijiko vinne vitano tofauti inakuwa kubwa. Maziwa mazito hukausha mwili wa mtoto na kumfungisha choo. Mepesi humkondesha. Usigawe kijiko nusu. Kama anahitaji mililita 75, andaa ya 90 na kitakachobaki umwage. Usiongeze sukari, uji wala asali. Asali ni hatari kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hata ikiwa safi.

Hatua ya 5: koroga, poza, jaribu

Funga chupa na uizungushe taratibu mpaka mabonge yaishe. Ipoze kwenye bakuli la maji baridi, maji yasifike kwenye mfuniko. Ifute, dondoshea matone ndani ya kiwiko cha mkono: uyasikie ya vuguvugu, yasikuchome. Usitumie maikrowevu, hupasha moto upande mmoja na chupa ikiwa baridi nje inaweza kuunguza kinywa.

Hatua ya 6: kulisha

Mkalishe akiwa ameinuka kidogo, umemkumbatia, mnatazamana. Ukitumia kikombe, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini na umwache alambe mwenyewe, usimmiminie. Ukitumia chupa, ilaze kiasi ili anywe kwa kasi yake, mpumzishe, mcheulishe. Usimwegemezee chupa kwenye mto ukaondoka, anaweza kupaliwa. Akigeuza uso ameshiba. Usimlazimishe amalize kwa kuwa maziwa ni ghali.

Yasiyonywewa ndani ya saa 2 mwaga. Aliyoyaonja usimwekee "ya baadaye".

Kiasi: baada ya wiki ya kwanza, zidisha kilo zake kwa 150 upate mililita za siku nzima. Mtoto wa kilo 4 ni 600, ukigawa mara 8 ni 75 kila mlo. Siku ya kwanza anaanza na kama 60 kwa kilo, kisha unaongeza kila siku. Hii ni makadirio. Kadi ya kliniki na nepi zinazolowa mara 6 au zaidi kwa siku ndizo zitakuambia kama anapata vya kutosha. Maji ya kunywa hahitaji kabla ya miezi 6.

Usiku, safari, na ukiwa kazini

Usikoroge chupa ya saa nane usiku wakati wa kulala. Jioni chemsha maji, yamimine yakiwa yanatokota kwenye chupa ya chai nzuri isiyotumika kwa chai, uijaze pomoni. Unga upime kwenye kikopo kikavu kilichochemshwa. Mtoto akilia, maji bado ni ya moto na unakoroga papo hapo. Njia hiyohiyo itumie kwenye basi. Lakini pima chupa yako kabla ya kuiamini: ikiwa asubuhi maji yanashikika kwa kidole, haifai.

Ukilazimika kuandaa mapema, andaa kwa maji ya moto, poza haraka, weka nyuma kabisa ya friji lenye nyuzi 5 au chini, si mlangoni, na yaishe ndani ya saa 24. Umeme ukikatika muda mrefu, mwaga.

Anayemwachia mtoto dada wa nyumbani amwonyeshe kwa vitendo, kisha akae pembeni amtazame dada akifanya mwenyewe tangu kunawa mikono hadi mwisho. Mwambie wazi kwamba kumwaga mabaki si kosa. Wasichana wengi hurudia maziwa ya saa nne kwa kuogopa kugombezwa kwamba wanaharibu.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mtoto wa chini ya miezi 2 akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akiwa wa baridi isivyo kawaida, akikataa kula, akilegea, akilia bila kubembelezeka, akipata degedege, utosi ukivimba au kubonyea, akiharisha damu au kutapika kila anachokula, nenda usiku huohuo. Endelea kumpa maziwa njiani kama anameza. Beba na kopo lenyewe: daktari atataka kuona ni maziwa gani na namba ya toleo lake, na atakuuliza ulikuwa unaweka vijiko vingapi kwa maji kiasi gani.