Jino liking'oka uwanjani: la kufanya kabla ya kufika kwa daktari

Shule zikifungwa, viwanja vya Manyatta, Nyalenda na Kondele hapa Kisumu hujaa watoto, na sisi wa kitengo cha meno hatukosi wagonjwa. Mtoto amegongwa kiwiko kwenye mpira, jino la mbele limetoka zima na mzizi wake. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi mzazi amekimbia kuja, lakini jino liko mfukoni, limefungwa kwenye tishu, kavu kabisa. Jino hilo lingeweza kurudi mahali pake.

Mzizi wa jino umefunikwa na utando mwembamba ulio hai, na utando huo ndio unaolishikanisha jino na mfupa. Ukikauka, unakufa. Jino likirudishwa ndani ya dakika 15, kuna matumaini makubwa. Likikaa kavu zaidi ya saa 1, daktari bado anaweza kulirudisha, ila mfupa huula mzizi polepole na baada ya miaka kadhaa jino hupotea. Kwa hiyo anayeliokoa hasa ni yule aliye pale uwanjani.

1. Mwangalie mtoto kwanza. Kama alizimia, anatapika, haelewi alipo, au taya haifungiki vizuri, mpeleke hospitali moja kwa moja. Jino mtalibeba.

2. Litafute jino na ulishike sehemu nyeupe tu, ile inayoonekana mtu akicheka. Mzizi usiuguse.

3. Je, ni jino la utoto au la kudumu? Meno ya kudumu ya mbele huota kati ya miaka 6 na 8 hivi. La utoto halirudishwi kamwe, maana unaweza kuliumiza la kudumu linalokua juu yake ndani ya ufizi. Ukiwa na shaka, usilirudishe. Liweke kwenye maziwa uje nalo.

4. Kama lina mchanga, lisuuze kwa maziwa au maji safi baridi kwa sekunde 10 tu. Usilisugue, usitumie sabuni wala spiriti.

5. Lirudishe kwenye tundu lake. Najua hapa wengi huogopa, lakini hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote. Upande uliobinuka uelekee nje, kwenye mdomo, ulinganishe na jino la jirani, kisha lisukume taratibu kwa kidole. Mwambie aume kitambaa safi ili lisitoke.

6. Ukishindwa, au mtoto akikataa, nenda duka lililo karibu ununue pakiti ya maziwa, ulizamishe jino humo. Maziwa ya kawaida, si mala (maziwa yaliyochachuka). Maji matupu huharibu utando ule, kwa hiyo usilibebe ndani ya maji.

7. Panda boda uende. Kisumu kila mtu anaijua Russia, yaani Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Walio Nakuru au Kakamega waende hospitali ya rufaa ya kaunti. Daktari atalifunga na meno jirani kwa wiki 2 hivi na kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Mara nyingi mzizi nao hutibiwa baadaye, kwa hiyo msiikose siku ya kurudi.

Maswali ya wanachama

*Kocha, Manyatta:* Daktari, tukiwa uwanja ambao hauna duka karibu, kijana aliweke shavuni?

Atemee mate kwenye kikombe au kifuniko safi, jino likae humo. Shavuni anaweza kulimeza, hasa akiwa mdogo au akilia.

*Mama, Migosi:* Wangu ana miaka 4. Ameanguka kwenye ngazi, jino limezama ndani ya ufizi. Nilivute?

Hapana mama, usiliguse. Mpe chakula laini, safisha kwa kitambaa chenye maji, na umlete tumwone. Mengi ya hayo hushuka yenyewe baada ya miezi, lakini lazima tufuatilie.

*Mwendesha boda, Ahero:* Niling'olewa gego jana na bado natoa damu.

Kunja kitambaa safi kiwe kinene, kiweke juu ya tundu, uume kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unaanza upya. Usisukutue, usiteme teme, acha sigara na pombe. Ikiendelea, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, rudi leo hii.

*Mzee, Kakamega:* Jino lenye tundu likiuma usiku, hapa watu hutia maji ya betri. Ni sawa?

Tafadhali mzee, usitie. Ile ni asidi. Inachoma ufizi na ulimi, na maumivu yatazidi. Aspirini kuwekwa juu ya ufizi nayo huchoma. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, meza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, na asubuhi uende kliniki. Lakini shavu likivimba kuelekea jicho au shingo, ukapata homa, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje asubuhi. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa. Nenda usiku huo huo.