Somo: Karakana ambayo kijana haogopi kusema "jiwe hili baya"

Kwenye karakana yangu ya mageti na grili, jiwe la grenda lilipasuka mkononi mwa kijana. Kipande kilimpita karibu na shingo, kikaenda kujikita kwenye mbao ya dirisha. Tulipokaa kuulizana, mwenzake akasema aliona tangu asubuhi kwamba kava, yaani kinga inayofunika jiwe, imetolewa. Mbona hukusema? "Bosi, juzi nilikwambia waya umechubuka ukanifokea." Sikuwa na jibu.

Hatua ya kwanza: pokea vizuri habari mbaya. Mtu akija kukwambia ameharibu kitu au amekoswakoswa, anza na "asante". Kisha uliza nini kimetokea. Ukianza na "nani?", kesho hakuna atakayekuja. Tulifunga daftari kwa kamba kwenye mlango wa stoo, kila aliyekoswa aandike mstari mmoja. Wiki nzima likabaki tupu. Nikaandika la kwangu: nimeshika bomba la moto bila glavu. Siku iliyofuata nilikuta mistari miwili.

Hatua ya pili: tafuta kwa nini mtu alifanya vile. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kijana yule hakuwa mkaidi. Alikuwa na grenda ya inchi nne na nusu, mawe yake yamekwisha, akatoa kava ili jiwe la inchi saba liingie. Grenda ndogo kama ile huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na jiwe la inchi saba kwa kawaida limeandikwa mwisho 8,500. Lazima lipasuke, leo au kesho. Lakini aliyechelewa kununua mawe ni mimi. Siku hizi, kabla sijamgombeza mtu, naingia stoo kwanza.

Hatua ya tatu: dakika tano za asubuhi. Kabla ya kuwasha chochote, kila mtu asome namba ya mizunguko kwenye jiwe na kwenye grenda yake, atazame tarehe ya mwisho kwenye ringi ya chuma katikati ya jiwe, ashike kava aone kama inacheza, akague waya. Anayeongoza abadilike kila siku, hata anayejifunza kazi apewe zamu.

Hatua ya nne: mwakilishi wa usalama. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi kwa maandishi. Usimpe mpwa wako. Waulize vijana wenyewe wanamwamini nani.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Najifunza kuchomelea, natumia miwani ya jua. Usiku macho yanawaka kama yana mchanga.*

Marahaba mwanangu. Macho yameungua na mwanga wa kuchomelea, na maumivu yake huja saa kadhaa baadaye. Nenda kituo cha afya, usitie maziwa. Miwani ya jua haifai kabisa kwa kazi hiyo. Tumia helmeti ya kuchomelea yenye kioo cha namba 10 au zaidi, na fundi wako ndiye anayepaswa kukupa.

*Kaka, sisi tunalipwa kwa geti. Dakika tano ni hela yetu.*

Ni kweli, na hampaswi kuzilipia ninyi. Mimi niliziongeza kwenye bei ya kila geti, na malalamiko yakaisha.

*Na anayerudia makusudi?*

Aliyekoswa akasema, simwadhibu hata kidogo. Aliyetoa kava wakati jiwe sahihi lipo stoo na alishaelekezwa, namwondoa kwenye grenda wiki nzima, anapaka rangi. Simkati hela, maana nikimkata atajifunza kuficha tu.

*Akiumia, si bora nimlipie hospitali tuyamalize kimya?*

Hapana, ndugu yangu. Mtibu kwanza, kisha toa taarifa kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Michango ya mfuko huo anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi chochote, na fidia ni haki yake. Mkiyamaliza kimya, halafu mwakani kidole kikakataa kukunja, atakwenda kudai wapi wakati hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliumia kazini?