Repo Nyingi, Matawi Mengi: Ninavyoziendesha kwa Git

Nina repo 11 (folda za miradi ambazo programu ya Git huzitunzia historia) kwenye kompyuta yangu, nyingine za ofisini, nyingine za wateja wa pembeni. Zamani asubuhi nzima ilikuwa cd (kuhamia folda), git pull (kuvuta mabadiliko na kuyaunganisha), cd tena, hadi chai inapoa.

Hatua ya 1: Zitenge kwa folda. Za ofisi ~/kazi, zangu ~/binafsi. Kisha kwenye ~/.gitconfig, faili ya mipangilio ya Git:

```
[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Faili hiyo ya pili ndiyo yenye barua pepe ya ofisi. Usisahau mkwaju (/) mwishoni mwa ~/kazi/. Niliwahi kumpelekea mteja komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia) zenye barua pepe ya utani niliyoifungua nikiwa chuo.

Hatua ya 2: Zikague zote kwa mkupuo.

```
cd ~/kazi
for d in */; do
  echo "== $d"
  git -C "$d" fetch --prune -q
  git -C "$d" status -sb
done
```

Natumia fetch, inayoleta habari mpya tu kutoka seva, makusudi, kwa sababu pull ingegusa faili ninazozifanyia kazi.

Hatua ya 3: Dharura ipe folda yake. Uko katikati ya kazi, faili zimevurugwa nusu, simu inaita: malipo yamekwama. Wengi hukimbilia git stash, inayoweka kando mabadiliko kwa muda. Nilishajikuta na stash saba, sijui ipi ni ya nini. Tangu Git 2.5, ya mwaka 2015, kuna hii:

```
git worktree add -b rekebisha-malipo ../duka-dharura origin/main
```

Unapata folda ya pili yenye tawi lake (mstari wake wa kazi), historia ni ileile, hakuna kukloni upya. Kule ulikokuwa hakuna kilichoguswa. Ingia kwenye folda mpya, rekebisha, fanya komiti. Ukimaliza, ukiwa bado humo (duka ndiyo folda ya awali):

```
git push -u origin HEAD
cd ../duka
git worktree remove ../duka-dharura
```

Tawi moja halifunguki kwenye folda mbili kwa pamoja. Na .env, faili ya mipangilio ya siri kama nywila, haifuati, inakili mwenyewe. Nilihangaika nusu saa nikidhani hifadhidata imekufa, kumbe nywila haipo.

Hatua ya 4: Pogoa matawi yaliyokwisha.

```
git branch --sort=-committerdate
git branch --merged origin/main
git branch -d jina-la-tawi
```

-d hukataa tawi ambalo Git inaona halijaunganishwa. Timu yenu ikiunganisha kwa squash (kubana komiti zote za tawi kuwa moja), inaweza kukataa hata yaliyokwisha kuingia. Hakikisha kwanza, ndipo utumie -D, inayofuta kwa nguvu. Ukikosea, tazama ilichoandika Git ilipofuta, mfano (was 3f2a91c). Andika git branch jina-la-tawi 3f2a91c, tawi linarudi.